Nimestaafu kwa Sababu Nimeelewa

Nina umri wa miaka ishirini na sita na nimestaafu. Najua wastaafu wengi huwa na mvi, fimbo na dawa za presha. Mimi sijapata hata kimoja, lakini nimetakiwa niandike kumbukumbu za kazi ili watakaonifuata wajue njia. Anayenifuata ni mtu mmoja tu, Mzee Kagaruki, naye ana miaka sitini na moja. Kwa hiyo nitakaposema mdogo wangu kazini naomba radhi. Namaanisha wewe, Mzee. Shikamoo.

Naandika polepole. Niliishia darasa la saba, na mbele za watu ulimi wangu huwa mzito. Habari za vyeo naziruka, kwa kuwa cheo kilikuwa kimoja. Za mshahara naziruka pia, maana hata wenyewe ulikuwa ukiniruka.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: kila wiki kuandika ukutani jambo moja ambalo watafiti wa dunia wamelipata siku hizi, kwa maneno ambayo mtu aliyetoka kuvuna kahawa anaweza kuyasoma akiwa amesimama na kikapu kichwani. Ukuta ni wa ghala la kahawa la kijijini kwetu, kando ya njia iendayo Nkwenda. Aliyeianzisha kazi hii ni Mwalimu Adventina, aliyefundisha sayansi shule ya msingi mpaka akastaafu kwa njia ya kawaida, yaani kwa mvi. Siku za soko alikwenda steshenari Nkwenda wakamchapia kurasa za utafiti kutoka mtandaoni, kisha akazisoma kwa kamusi kuukuu iliyopoteza kurasa za mwanzo. Maneno yanayoanza na A tulikuwa tukiyakisia.

Ubao tuliupaka wenyewe kwa masizi na unga mweusi wa betri zilizokwisha. Chaki, kitambaa chenye maji, kigoda cha kupandia, na daftari la maneno magumu. Hivyo ndivyo vifaa vyote. Kitambaa kisiwe kikavu. Kikavu hakifuti, kinasambaza tu.

Nitaanza na siku ya kwanza. Mwalimu alikuwa ametangaza kanisani kwamba anatafuta msaidizi. Tulikuja watatu. Wenzangu wawili walikuwa wamemaliza kidato cha nne na walivaa viatu vya kufunga kamba. Mwalimu akatusomea ukurasa mzima kuhusu namna nyuki anavyomwelekeza mwenzake maua yalipo kwa kucheza ndani ya mzinga. Aliusoma kama ulivyoandikwa, na maneno yake yote marefu. Alipomaliza akauliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu," akasema wa kwanza.

"Tumeelewa vizuri sana, Mwalimu," akasema wa pili.

Mimi nilitaka kusema ndiyo ila sauti haikutoka. Nikatikisa kichwa kukataa.

"Hawa wawili wameelewa," akasema Mwalimu. "Mimi niliyesoma sijaelewa. Wamenizidi, waende zao. Wewe binti, jina lako nani?"

"Jenerosa."

"Jenerosa, usije ukaniharibikia."

Hivyo niliajiriwa kwa kutoelewa. Utaratibu ulikuwa kwamba Mwalimu ananieleza utafiti, mimi natikisa kichwa, ananieleza upya, natikisa tena, mpaka kichwa kitulie. Kikitulia, maneno aliyoyatumia mara ile ya mwisho ndiyo yanayokwenda ukutani. Utafiti wa nyuki ulichukua siku tatu, na siku ya tatu Mwalimu alilazimika kucheza mwenyewe, akizunguka uani huku akitikisa kiuno, mpaka mume wake akatoka na kuuliza kama amwite mganga. Mwalimu alimwambia akae chini, aone maua yako upande gani. Akaona. Hapo nasi tukajua kwamba makala imeiva.

Alinifundisha pia maswali manne ambayo lazima ukuta uyajibu: nani aliyetazama, alitazama nini, alitazama vingapi, na nini hawajui bado. Hilo la nne tuliliandika chini kabisa kwa chaki nyekundu. Baadaye niligundua kwamba wasomaji wengi walianza kusoma kutoka chini. Kulikuwa na mzee mmoja wa Songambele aliyekuja kwa baiskeli kila Jumamosi kusoma chaki nyekundu peke yake. Alikuwa akisema, "Leo wasomi hawajui nini?" Akiisha kusoma alicheka sana, akapanda baiskeli yake, akarudi kwao akiwa mtu mpya.

Msidhani kuandika ukutani ni salama. Mwaka wangu wa pili tuliandika kwamba nyota ziko mbali mno hata nuru yake inachukua miaka mingi kutufikia, kwa hiyo nyota unayoiona usiku huu huenda ilikwisha kufa zamani. Huku kwetu jirani akifa hatushiki jembe mpaka azikwe. Asubuhi yake kitongoji cha juu hakikwenda shamba. Mwalimu akanituma nikaulize kulikoni. Niliwakuta wanaume wamekaa kwenye majani ya migomba, wametulia kabisa.

"Jamani, ni nyota," nikasema, kwa sauti ndogo.

"Tunajua ni nyota, waitu, ndugu yetu," akajibu aliyekuwa karibu. "Lakini inaonekana kutoka kwenye kibanja changu. Kama si jirani ni nani?"

"Na wewe ndiwe uliyetoa tangazo," akaongeza mwingine. "Sasa tuambie, mazishi lini?"

Nilirudi kwa Mwalimu. Tukaandika kwa herufi kubwa kwamba nyota inayosemwa ilikwisha kuzikwa na ndugu zake kabla babu zetu hawajazaliwa, na matanga yameanuliwa. Mchana majembe yakatoka. Mwalimu hakufurahia sentensi ile. Alisema ndiyo sentensi pekee ya uongo aliyowahi kuandika ukutani, na kwamba kama tungeeleza vizuri tangu mwanzo isingehitajika.

Mwaka wa nne mkutano wa kijiji ulipiga kura juu ya utafiti. Tulikuwa tumeandika kwamba nyuki wakitembelea maua ya mibuni, punje za kahawa huwa nzuri zaidi. Mjumbe mmoja, ambaye wiki hiyo aliumwa na nyuki kwenye kope, alitoa hoja kwamba utafiti huu haufai na urudishwe kwa wenyewe ukarekebishwe. Mikono ikanyooshwa, utafiti ukaanguka. Mwenyekiti wa kijiji alituletea barua yenye muhuri ikitutaka tuufute. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaandika chini ya makala kwa chaki nyekundu: "Mkutano umekataa. Nyuki hawakuhudhuria."

Sasa nifike kwenye lile lililonistaafisha.

Kosa katika kazi hii haliji kwa kishindo. Miaka ilivyopita kichwa changu kilianza kutulia mapema. Utafiti wa siku tatu ukawa wa siku mbili, kisha wa asubuhi moja. Nilijiona nimekomaa. Macho ya Mwalimu yalikuwa yameanza kufifia, akawa ananiachia kuandika mwenyewe, naye akikaa kwenye kigoda na kuuliza tu, "Umeelewa?" Nikawa najibu, "Ndiyo, Mwalimu," na siku hizo nilikuwa na viatu vya kufunga kamba.

Kisha mnyauko wa migomba ukaingia kijijini kwetu. Anayeujua hahitaji kuelezwa, lakini nimeshajifunza nisiseme hivyo, kwa hiyo naeleza. Majani yanalegea kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla hazijakomaa, na ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Dawa ya kuponya hakuna. Agizo lilikuwa kung'oa: si mgomba mmoja unaougua, bali mama, mtoto na mjukuu wote wa shina hilo, na ukienea, kibanja kizima, yaani shamba lote la migomba linaloizunguka nyumba.

Wa kwanza kupatwa alikuwa Mzee Kagaruki. Kibanja chake alikirithi kwa baba yake, na baba yake amelala humo humo katikati ya migomba. Kwetu mtu aliyeng'olewa kibanja anakwenda kununua ndizi sokoni kama mgeni, na watu wanamsalimia kwa sauti ya chini. Mwenyekiti na bwana shamba walimpa mpaka mvua zikatike. Ugonjwa ukiwa bado unaendelea, watu watakuja na majembe kung'oa vyote, ili majirani wasiambukizwe. Hawakuwa na roho mbaya. Hata mwenyekiti naye alikuwa na kibanja.

Wiki ileile Mwalimu alipata kurasa zilizosema kwamba watafiti wameona njia nyingine: ukate mgomba ule tu unaougua, chini kabisa, wenzake wa shina moja uwaache, kisu ukichome moto ili kisibebe ugonjwa, ua dume, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, ulivunje kwa mti wenye panda. Ukiendelea hivyo bila kuchoka, ugonjwa unapungua. Nilizisoma mara moja tu, nikaandika asubuhi moja. Mstari wa kisu niliuandika hivi: "Kwanza pitisha kisu motoni, halafu ukate."

"Umeelewa?" akauliza Mwalimu.

"Ndiyo."

Alinitazama kidogo, kisha akalifunga daftari la maneno magumu.

Jumatatu iliyofuata nilipita kwa Mzee Kagaruki alfajiri nikakuta umati. Kitongoji kizima kilikuwa kimeleta mihoro, ndivyo tunavyoita visu vya mgombani vyenye ncha iliyopinda. Walikuwa wameona ni kupoteza kuni kila nyumba kuwasha moto wake, basi wakawasha mmoja mkubwa kwa mgonjwa. Mihoro ilipangwa ndani ya moto kama samaki. Katekista akaombea, kwaya ya akina mama ikaimba ubeti mmoja. Walutheri nao walikuwapo, kwa sababu walikubaliana kupokezana wiki kwa wiki. Visu vikatolewa, vikapozwa, kila mtu akachukua chake akaenda kibanjani kwake kukata mpaka jioni.

Nilisimama pale nikaona sayansi imefika kijijini. Nilifurahi hata nikaimba.

Walifanya hivyo kila Jumatatu. Baada ya miezi miwili Mzee Kagaruki alikuja ukutani, muhoro mkononi. Mwalimu alikuwa kwenye kigoda chake, mimi nikifuta.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Shikamoo sitaki. Njoo uone ulichokiandika."

Tulikwenda wote watatu, Mwalimu akinishika bega. Ugonjwa ulikuwa umetembea kama yeye alivyotembea na kisu chake. Ulitoka mlangoni, ukazunguka kaburi la baba yake, ukashuka kwa mstari mpaka kwenye mibuni, na pale alipokaa kupumzika chini ya mgomba, nao ulikuwa umeugua.

"Umeandika kwanza," akasema. "Nami nimechoma kwanza. Kila Jumatatu, na sala juu yake. Nimebakiza kukibatiza."

"Mzee, ni kabla ya kila mgomba. Unakata mmoja, unachoma tena, unakwenda mwingine."

"Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa. Lakini inaeleweka."

"Inaeleweka na nani?"

Mwalimu akauliza taratibu, kama daktari anavyouliza homa imeanza siku gani, "Jenerosa, umeanza lini kuelewa?"

Nililia kidogo, hilo sitalieleza. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki chache kukatika. Mwalimu akamgeukia Mzee Kagaruki. "Bwana, wewe umeelewa lolote katika habari hizi?"

"Hakuna nililoelewa! Ndiyo maana nimekuja na kisu!"

"Vizuri sana. Kaa hapa."

Tuliandika upya kwa siku sita. Mimi nikieleza, Mzee Kagaruki akitikisa kichwa, tena kwa nguvu kuliko mimi enzi zangu, maana hakuwa na aibu. Nikisema uchome kisu kabla ya kila mgomba, anauliza moto ataubebaje mpaka mgombani. Tukaandika: makaa ndani ya chungu, kibebwe. Nikisema kichomwe vizuri, anauliza vizuri ni kiasi gani. Tukaandika: mpaka chuma kiwe moto wa kutoshikika. Kuhusu vile vilivyokatwa akauliza kama atampa mbuzi wake. Hapana, tukaandika, na mbuzi mwenyewe asipite humo. Siku ya sita nilikuwa nimechoka, yeye akauliza, "Na jembe je?"

"Jembe si kisu, Mzee."

"Linakata mizizi. Nakuuliza: na jembe?"

Nilitaka kumwambia kwamba hilo linaeleweka. Nikameza. Tukaandika: kila chombo chenye makali kinachoingia kibanjani, cha mwenyewe au cha mgeni, kipite motoni kwanza, na kirudi motoni kila mgomba.

Makala ilijaa ukuta wote ikashuka mpaka chini. Mistari ya mwisho ilikuwa usawa wa kifundo cha mguu, na wazee waliisoma wamelala kifudifudi. Katekista alileta mkeka kwa ajili hiyo. Moto wa pamoja wa Jumatatu ukakoma, ingawa kwaya ililalamika kwamba ilikuwa imeshaandaa ubeti wa pili. Badala yake vikaonekana vyungu vinavyotoa moshi vikizunguka vibanjani kutwa nzima, na mtu wa Kamuli aliyepita barabarani aliuliza ni dini gani hii mpya.

Mzee Kagaruki alianza kuikata migomba yake iliyougua kutokea upande wa mibuni akipanda juu. Kazi ya asubuhi moja sasa ilimchukua siku nne. Mimi nilihesabu siku zilizobaki. Mvua zikakatika kabla hatujajua kama inasaidia.

Ijumaa iliyopita asubuhi Mwalimu aliniita ukutani, nikamkuta na Mzee Kagaruki. "Jenerosa," akasema, "umenitumikia vizuri, lakini umeharibika. Unaelewa mapema mno na hakuna dawa yake. Mpe Mzee kitambaa." Nikampa. Akakishika, akakinusa, akauliza kwa nini kina maji. Mwalimu akanitazama kama anayesema: unaona?

Tukiwa bado pale tukawaona wakipita. Mwenyekiti mbele, bwana shamba na faili lake, na vijana wa kung'oa kumi na wanne, majembe na mapanga mabegani. Mzee Kagaruki aliacha kitambaa akakimbia. Mimi sikuwahi kujua kwamba anaweza kukimbia.

Tulipofika alikuwa amesimama kwenye mpaka wa kibanja, chungu chake cha makaa miguuni.

"Mzee, tusisumbuane," akasema mwenyekiti. "Mvua zimekatika, na hata hapa nilipo naona mgomba umelegea. Sheria ni sheria."

"Sijakataa, Mwenyekiti. Ingieni. Ila kila chenye makali kipite motoni."

"Jembe la kung'olea?"

"Nenda kasome. Iko chini, utalala kidogo."

Bwana shamba akafungua faili, akafunga, akasema kwa shida kwamba Mzee yuko sahihi. Vyombo hivyo vimetoka kwenye vibanja vya watu wengi, na kuviingiza hivi hivi ni kueneza ugonjwa. Basi vijana wakapanga foleni. Chungu kilikuwa kimoja, chenye upana wa sahani. Jembe la kwanza likachomwa mpaka likawa moto wa kutoshikika. Likaingia, likang'oa ule mgomba uliolegea, likataka kuhamia wa pili. "Lirudi motoni," akasema Mzee. Likarudi. Wakaja na jembe la pili, na la tatu, yakibanana kwenye makaa. Ikawa saa tano, ikawa saa sita. Makaa yakapungua, wakaongeza kuni, moto ukawaka vizuri kupita kiasi, na mpini wa jembe moja ukashika moto kutokea shingoni. Kijana aliyelishika akalitupa juu ya mengine. Tulipomaliza kuzima tulikuwa na mipini mitano iliyoungua na vijana watano wameshika fimbo nyeusi.

"Mwenyekiti," akasema mmoja wao, "sasa tung'oe kwa meno?"

"Meno nayo yana makali," akasema Mzee Kagaruki. "Yapite motoni."

Mwenyekiti alitaka kukasirika, ila alianza kucheka kabla hajafika. Wakati huo bwana shamba, aliyechoka kusubiri, alikuwa ameingia mikono mitupu akitembea mstari kwa mstari. Alikaa ndani muda mrefu. Aliporudi alisema kwamba upande wa mibuni hakuona hata mgomba mmoja mpya unaougua. Katikati aliona visiki vya waliokatwa, na machipukizi yao yamesimama kijani. Huku juu ndiko bado kunaugua kidogo. Hakusema umepona. Alisema unapungua.

"Basi tunafanyaje?" akauliza mwenyekiti.

Bwana shamba akatoa karatasi, akaandika neno moja, "Asubiriwe," akampa Mzee Kagaruki. Nilimwona Mzee akilisoma. Akaligeuza nyuma, hakuna kitu. Akatikisa kichwa.

"Nisubiriwe mpaka lini?" akauliza. "Atakayekuja kuangalia ni nani? Ataangalia nini, mingapi? Na ikiwa mmoja tu unaugua, ni mwingi au ni mchache?"

Bwana shamba aliichukua karatasi ile, akaikunja. Akakaa juu ya kisiki, akaomba karatasi nyingine, akaanza upya, polepole, Mzee akiwa amemwinamia begani na kutikisa kichwa kila mstari. Aliharibu karatasi ya pili. Kwenye ya tatu alininyanyulia macho, kama mtu anayeomba msaada kwa mwenye kazi.

Sikumsaidia. Nilikuwa nimestaafu tangu asubuhi.